Kifua cha Mtoto na Wasomaji Wake

Mashariki mwa Kongo, barabara ya taifa namba 5 hutoka Uvira ikashuka kusini, Ziwa Tanganyika mkono wa kushoto, milima mkono wa kulia, hadi Baraka, mwendo wa kilomita kama 90. Makobola iko humo njiani, nazo ni mbili. Ya kwanza inahesabiwa upande wa Uvira, ya pili upande wa Fizi. Mama wa Makobola ambaye mwanawe anahema kwa shida hana budi kuchagua: apande pikipiki arudi Uvira, au aendelee kusini hadi hospitali ya Nundu, ya Kanisa la Methodisti Huru. Mvua zikikolea, mito inayoporomoka toka milimani huikata njia, na hapo mtumbwi wa mota ndio unaobeba wagonjwa.

Kabla ya yote hayo yuko muuguzi wa kituo cha afya, na kipimo chake ni saa. Anamfunua mtoto kifua, anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, kanuni ya Shirika la Afya Duniani inasema anapumua haraka mno, na akiwa anakohoa anatibiwa nimonia. Kwa maoni yangu kanuni hiyo ina heshima kubwa kuliko mashine yoyote nitakayoitaja humu. Lakini wapo watoto inaowapita. Huyu hapa amemaliza dawa, akapona, akarudi baada ya mwezi; akatibiwa, akapona, akarudi tena, na kila mara mlio mbaya unasikika mahali pale pale, chini kushoto. Mtu mwenye uzoefu akifika hapo huacha kuuliza ni kijidudu gani, akaanza kuuliza pafu lenyewe liliumbwaje.

Kazi ya kuumba mapafu huanza wiki ya nne ya mimba. Kichipukizi hutoka kwenye njia ya chakula, kikagawanyika, na matawi yake yakagawanyika tena na tena. Mgawanyiko huo ukienda kombo, matokeo yake ni ya namna chache zinazojulikana. Sehemu ya pafu inaweza kujaa vifuko vya hewa na majimaji, vikubwa kwa vidogo, kama povu la sabuni. Kipande kinaweza kujitenga, kikakosa njia ya hewa, kikapata damu moja kwa moja kutoka aota, ule mshipa mkuu wa mwili, badala ya mshipa wa mapafu. Sehemu nyingine huingiza hewa isiweze kuitoa, ikavimba mpaka ikausukuma moyo upande wa pili. Au kiwambo, ukuta wa misuli unaotenga kifua na tumbo, hubaki na tundu, utumbo ukapanda na kukaa penye pafu. Haya yote ni nadra. Lile la vifuko, kwa muda mrefu, limekadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila 25,000 hadi 35,000. Ugumu wake unatokana na unadra huo huo: daktari wa hospitali ya wilaya huenda akakutana nalo mara moja katika maisha yake ya kazi, na siku hiyo ameshaona nimonia tisa.

Kwa hiyo historia ya kuyaona mapafu haya ni historia ya mashine, ndiyo, lakini zaidi ni ya watu waliokaa mbele ya kivuli wakajaribu kusema ni nini.

Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua miale yake mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, na kabla ya Krismasi alikuwa ameshaupiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha, mifupa pamoja na pete. Afrika iliingia katika hadithi hiyo mapema, kupitia vita. Tarehe 1 Machi 1896 Wahabeshi waliwashinda Waitalia kule Adwa. Majeruhi wa Kiitalia waliporudishwa Naples, daktari wa jeshi Giuseppe Alvaro alitumia miale mipya kutafuta risasi mikononi mwa askari wawili. Miaka miwili baadaye, katika kampeni ya Sudan iliyoishia Omdurman, daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye John Battersby alifunga mashine ya eksirei Abadieh, kando ya Nile. Umeme wake ulitoka kwenye baiskeli ya viti viwili: askari wanakanyaga pedali, betri zinajaa. Yeyote aliyewahi kungoja jenereta ya hospitali iwashwe ili mgonjwa apigwe radio, kama wanavyosema Baraka na Uvira, ataielewa baiskeli ile bila kuelezwa.

Risasi ni rahisi kusoma. Ni nyeupe kabisa, na haipumui. Kifua cha mtoto ni kitu kingine. Hewa hupitisha miale, kwa hiyo pafu zima huonekana jeusi. Maji, usaha na nyama huonekana vyeupe. Lakini mtoto hataki kulala kwenye sahani baridi. Analia, na picha ikichukuliwa wakati anatoa pumzi, pafu zima huwa jeupe-jeupe kama lenye nimonia. Akigeuka kidogo, moyo unaonekana umehama. Wapiga picha wazuri wa zamani walijifunza kumngoja avute pumzi ya kilio, huku mama amemshika mikono juu ya kichwa, ndipo wabonyeze. Hakuna kitabu kinachofundisha subira hiyo vizuri.

Na juu ya moyo wa mtoto kuna kivuli kingine, cha tezi ya thaimasi, ambayo kwa mtoto mchanga ni kubwa na baadaye hunywea. Kivuli hicho ndicho kilichozaa kosa kubwa kuliko yote katika historia ya kupiga picha vifua vya watoto, nami nitakaa hapo kidogo.

Karne ya 19 watoto walikuwa wakifa ghafla usingizini, nao madaktari wa Ulaya walitafuta sababu. Walipopasua maiti zao walikuta thaimasi kubwa. Kubwa kuliko ipi? Kuliko zile walizozizoea kwenye meza za kufundishia. Lakini maiti za kufundishia zilikuwa za maskini, waliokufa baada ya njaa na maradhi ya muda mrefu, na njaa huifanya thaimasi inywee. Watoto waliokufa ghafla walikuwa na tezi za kawaida. Kipimo ndicho kilichokuwa kibovu. Arnold Paltauf wa Vienna akaipa hali hiyo jina la kisayansi mwishoni mwa miaka ya 1880, na jina likishapatikana, ugonjwa nao huonekana upo. Eksirei ilipokuja, kivuli kipana juu ya moyo kikawa hatari inayoonekana kwa macho. Mwaka 1907 Alfred Friedländer, daktari wa Cincinnati, Marekani, aliripoti kuifanya tezi ya mtoto inywee kwa kuipiga mionzi. Njia hiyo ilienea. Kwa zaidi ya miaka 40 watoto wazima kabisa walipigwa mionzi shingoni na kifuani ili kuzuia kifo ambacho hakikuwa kikiwajia.

Aliyesimama kupinga ni John Caffey, daktari wa watoto wa New York aliyekabidhiwa chumba cha eksirei cha hospitali ya watoto bila kuwa amesomea eksirei. Alitazama maelfu ya vifua vya watoto wasioumwa, jambo ambalo watangulizi wake hawakuliona la lazima. Kitabu chake cha mwaka 1945 kiliisema thaimasi hiyo kuwa ya kawaida, na kuipiga mionzi kuwa jambo lisilo na mantiki katika umri wowote. Mwaka 1950 madaktari Duffy na Fitzgerald walichapisha habari za watoto 28 wenye saratani ya tezi ya shingo. Sehemu yao waliwahi kupigwa mionzi ya thaimasi utotoni.

Upande wa pili wa kosa hilo unaonekana leo Fizi, na ndiyo maana nimelieleza kwa kirefu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali akipigwa picha ya kifua, thaimasi yake imenywea, sehemu ya juu ya kifua iko tupu, na msomaji asiyejua anaweza kuona pafu limejaa hewa kuliko kawaida. Njaa inaandika kwenye filamu. Huwezi kuisoma picha ya mtoto usiyejua amekula nini.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 kasoro za mapafu zilianza kupata majina moja baada ya jingine, maana sasa wapasuaji walikuwa na uwezo wa kuzifikia. Mwaka 1945 Robert Gross wa Boston, pamoja na mwenzake Lewis, walieleza mtoto aliyepona baada ya kukatwa sehemu ya pafu iliyovimba kwa hewa. Mwaka uliofuata Gross huyo huyo aliandika juu ya kushona kiwambo cha mtoto ambaye hajamaliza siku moja duniani. Mwaka huo huo wa 1946, daktari aitwaye Pryce alikusanya wagonjwa 7 wenye kipande cha pafu kilichojitenga, chenye mshipa wake wa damu unaotoka kwenye aota. Mwaka 1949 madaktari wawili wa Kichina, Ch'in na Tang, walieleza lile pafu la vifuko. Mwaka 1977 Stocker na wenzake wakaligawa katika aina tatu kwa ukubwa wa vifuko, mgawanyo unaotumika hadi sasa ukiwa umeongezwa.

Tatizo likabaki moja: picha bapa ya eksirei hulaza kila kitu juu ya kila kitu. Mshipa wa Pryce hauonekani humo. Aliyelitatua nusu yake ni Mwafrika Kusini, Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg na ambaye mwaka 1956, akiwa mwanafizikia katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, alianza kupiga hesabu za jinsi ya kulijua umbo la ndani kutokana na miale inayopita kutoka pande nyingi. Karibu hakuna aliyesoma makala zake. Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza, alifika hapo hapo kwa njia yake, na tarehe 1 Oktoba 1971 mashine yake, siti skani, ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Siti skani yenye dawa ya kung'arisha damu huonyesha kile kimshipa kinachotoka aota, na mpasuaji anayekijua mapema hatakikata kwa bahati mbaya.

Lakini siti skani ni mionzi mingi kwa mwili mdogo, na somo la thaimasi lilikuwa limeshaacha kovu. Jingine lilitoka Oxford: kati ya 1956 na 1958 Alice Stewart alionyesha kwamba watoto waliopigwa eksirei wakiwa tumboni mwa mama zao walipata saratani zaidi ya wenzao. Alibishiwa kwa miaka. Njia ya kumtazama mtoto tumboni bila mionzi ilitoka mahali pasipotarajiwa. Ian Donald wa Glasgow alichukua chombo cha mawimbi ya sauti kilichotumiwa na watengeneza mitambo ya mvuke kutafuta nyufa kwenye chuma, akakijaribu kwenye vivimbe vya wagonjwa wake, na mwaka 1958 akachapisha matokeo. Mwaka 1975 Garrett na Kossoff wa Australia waliripoti kuona uvimbe wa pafu la mtoto ambaye hajazaliwa. Tangu hapo, katika nchi ambazo kila mjamzito hupimwa kwa ultrasaundi, kasoro nyingi za mapafu hujulikana karibu na wiki ya 20, na mtoto huzaliwa akiwa tayari na daktari wake. Baadhi ya vivimbe hivyo hufifia kwenye picha kabla ya uzazi, na wapasuaji bado wanabishana kama mtoto asiye na dalili akatwe au aachwe.

Mabishano hayo Fizi hayajafika, na sababu zake zina tarehe.

Mwaka 1964 uasi wa Simba uliishika Uvira na mwambao wa Fizi. Aprili 24, 1965, boti kutoka Kigoma ilimshusha Kibamba Mwajentina aliyeitwa Tatu, ambaye alikuwa Che Guevara, daktari kwa kusomea na mgonjwa wa pumu tangu utotoni. Alikaa hadi Novemba. Wakuba waliokuwa naye waliwatibu wanakijiji na wapiganaji, nao walikuwa na daktari wao waliyemwita Kumi. Kwa muda wa miezi saba mwambao huo ulikuwa na madaktari wengi kwa idadi kuliko ulivyozoea. Walipoondoka usiku wa Novemba 21, waliondoka wote.

Vita vilivyoanza 1996 vilivunja kilichokuwa kimejengwa. Oktoba 6 mwaka huo hospitali ya Lemera, katika milima ya Uvira, ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Mkuu wake alikuwa Denis Mukwege, ambaye baadaye alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu. Makobola yenyewe ilifikiwa mwishoni mwa 1998. Kati ya Desemba 30 na Januari 2, 1999, watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola ya pili na vijiji vya jirani, kwa hesabu ya ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010. Waliosalia walivuka ziwa. Nyarugusu na Lugufu, mkoani Kigoma, zikajaa Wabembe, wenyeji wa Fizi.

Huko kambini likatokea jambo dogo ambalo kwa historia hii ni kubwa. Kikundi cha madaktari kilichoongozwa na David Adler kilipeleka Lugufu mashine ndogo ya ultrasaundi ya kubebwa mkononi, kikawafundisha wahudumu wa kambi kwa siku nne, kikaondoka. Mwaka 2008 walichapisha kilichofuata: wahudumu waliendelea kuitumia wenyewe, zaidi kwa wajawazito na magonjwa ya tumbo. Mtu anaweza kusema siku nne hazitoshi kumwona mtoto mwenye pafu la vifuko, na ni kweli. Lakini zilitosha kuonyesha kwamba msomaji anaweza kufundishwa penye maturubai. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe kwa ultrasaundi, ekografi kwa lugha ya mwambao, mara moja kabla ya wiki ya 24. Ni ushauri mzuri, unaongoja mashine na mtu wa kuishika.

Wakimbizi walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa Baraka tangu 2003, na shirika lao tangu 2010 lina mfumo wa kumtumia picha mtaalamu aliye mbali ili aisome. Desemba 2020 walitangaza kuondoka sehemu kubwa ya Fizi, baada ya wafanyakazi wao kushambuliwa. Tena wasomaji wakaondoka.

Tuseme sasa mtoto wetu amefika hospitali na picha imepigwa. Daktari wa zamu anaona nini? Upande mmoja mweusi mno, moyo umesukumwa: hewa imevuja nje ya pafu, au ni ile sehemu iliyovimba kwa hewa yake yenyewe? Kwa la kwanza unatia bomba kifuani, upesi. Kwa la pili bomba linatoboa pafu na kumwongezea mtoto taabu. Tofauti iko kwenye nyuzi hafifu za mishipa ndani ya weusi ule, nazo hupotea filamu ikioshwa vibaya. Au anaona mapovu upande wa kushoto: usaha, vifuko, au utumbo uliopanda? Hapa kuna hila ya bei rahisi. Mpitishe mtoto mpira wa kulishia hadi tumboni, piga picha nyingine, utazame ncha yake imeishia wapi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1985, ulioandikwa na Palmer, Cockshott na wenzao kwa ajili ya daktari aliye peke yake, ulikuwa wa namna hii. Ulikwenda pamoja na mashine iliyobuniwa kwa hospitali ndogo: inatumia betri, hivyo umeme ukikatika picha haiharibiki, na umbali kutoka bomba la miale hadi filamu umefungwa sentimita 140 ili asiyebobea asikosee. Naona aibu kidogo kwamba wazo hilo halikusambaa kuliko lilivyosambaa.

Hila kubwa kuliko zote lakini haihitaji mashine mpya. Nimonia hupona, na kivuli chake huondoka baada ya wiki chache. Kasoro ya kuzaliwa haiondoki. Atakayezitenganisha ni picha ya zamani, ikiwekwa kando ya ile mpya. Hapo ndipo vita viliiumiza Fizi kwa namna isiyohesabiwa katika ripoti yoyote: mtoto aliyepigwa picha kambini, akarudi Baraka, akakimbia tena hadi Uvira, kila mahali anaanza upya kama mtoto wa nimonia ya kwanza. Kumbukumbu za hospitali huchomwa au hubaki nyuma. Kwa kuwa filamu hukabidhiwa mgonjwa, hifadhi ya uhakika ni ile bahasha kubwa ya kaki iliyo chini ya godoro la familia.

Daktari anayejua kazi yake huiulizia kabla hajashika hata kipima mapigo: mama, ile radio ya mwaka jana unayo? Kama ipo, anazibandika zote mbili dirishani. Kivuli kikiwa kimekaa pale pale, chini kushoto, miezi minane bila kuhama, anaacha kuandika dawa ya nimonia na kuandika barua ya rufaa kwenda Bukavu, halafu anamwambia mama azibebe filamu zote mbili, asiiache hata moja.